Vyombo vikubwa vya bei nafuu vya kuhifadhia kaa na kambakochi hai nyumbani: mnatumia nini?

#1 MikokoKwetu
Wakuu, salaam. Natafuta vyombo vya kuhifadhia kaa koko na kambakochi hai uani, siku chache tu kabla ya kusafirishwa. Leseni ipo na wavuvi wapo, shida ni vyombo. Nahitaji kama lita 2,500 za maji ya bahari yanayozungushwa kwa pampu, kwenye uwanja wa mita 4 kwa 3 wenye kivuli. Simtanki mpya na matanki ya faiba ya kuagiza kwa fundi yanakula faida ya msimu mzima. Masharti yangu: kisishike kutu, kisitoe sumu, na mtu mmoja aweze kukisafisha akiwa amesimama nje. Naomba vipimo, siyo "kuna jamaa anauza".

#2 Fundi_Bomba
Mkuu, chukua IBC zilizotumika, yale matanki meupe ya lita 1,000 yaliyofungiwa kwenye kizimba cha mabomba juu ya paleti. Upande mmoja mita 1, mwingine mita 1.2, kimo mita 1.16 hivi. Tupu ni kilo 60, watu wawili wanabeba. Kata sehemu ya juu, sentimita 20 hivi, unabaki na karibu lita 800 na mdomo wazi. Matatu yanakutosha.

Ukikata kizimba, pitisha msumeno juu ya bomba la mlalo, usipite chini yake. Plastiki ile ni ya milimita mbili hivi tu. Inasimama kwa sababu kizimba kinaishikilia. Ukiondoa bomba la mlalo lililo usawa wa maji, tanki linavimba kati na siku moja linafumuka. Dar angalia yadi za Vingunguti na kando ya Barabara ya Nyerere.

#3 Kemia_Tu
Naongezea kwa Fundi: soma kibati kabla ya kutoa hela. IBC ya aina hiyo huandikwa 31HA1, na kwenye kibati kuna mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Cha muhimu zaidi ni lebo ya mzigo wa mwisho. Ikiwa imebanduliwa, uliza kwa nini.

Zilizobeba sharubati ya glukosi, mafuta ya kula, juisi nzito au gliserini zinasafishika. Zilizobeba viuatilifu, rangi, gundi, formalini au viyeyusho usiguse hata ukipewa bure. Plastiki ya matanki hayo, HDPE, inanyonya vitu vya jamii ya mafuta na kuvirudisha kwenye maji pole pole, unaweza kuosha wiki nzima bila kuvimaliza. Kipimo rahisi: weka lita 20 za maji ya moto, funga mfuniko, acha juani siku nzima, kisha fungua unuse. Likinuka chochote kisicho plastiki, rudisha.

#4 Likoni_Mama
Ndugu zangu, kwa nini mnahangaika na chupa za viwandani? Huku kwetu Mombasa watu wajenga kijikuta cha tofali na kutandika damlaina, ile nailoni nyeusi ya mabwawa ya shambani. Chukua ya HDPE ya milimita 0.75 au 1. Ya 0.5 yatoboka, magando ya kaa si mchezo.

Hesabu ya laina: urefu + kina mara mbili + sentimita 60 za kukunjia ukingoni. Upana vilevile. Birika la mita 3 kwa 1.5, kina 0.7, lataka laina ya mita 5 kwa 3.5. Ukijaza maji hadi sentimita 55 wapata lita 2,475. Ndiyo hesabu yako yote hiyo, chombo kimoja.

Chini tandika mchanga uliochekechwa sentimita 5, juu yake mazulia mabovu au magunia mawili mawili, ndipo laina. Kijiwe kimoja chatosha kuharibu kazi.

#5 Ubungo_Site
Dada Likoni, laina sawa, lakini ukuta hujauzungumzia. Maji ya bahari yana kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. Kwa kina cha sentimita 55, ukuta wa mita 3 unasukumwa kwa nguvu ya takribani kilo 465, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini. Tofali zilizopangwa kavu zinateleza kozi ya kwanza.

Jenga kwa tofali za inchi 6, kozi tatu, kwa udongo wa saruji na mchanga moja kwa nne. Zitakwenda kama 65 ukihesabu na za kuvunjika. Juu funga mkanda mdogo wa zege wenye nondo mbili za milimita 10, na ufunike nondo vizuri, angalau sentimita 4, maana chumvi inaifuata nondo popote ilipo. Acha wiki moja ukimwagia maji kabla ya kujaza.

Na walio ghorofani: IBC moja iliyojaa ni zaidi ya tani moja juu ya mita za mraba 1.2. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida inapigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Msithubutu.

#6 Mzee_wa_Tumbatu
Vijana, mmesahau chombo kilicho mbele ya macho yenu. Boti bovu ya faiba, mashine imeng'olewa, mwenyewe anaiona takataka. Ya mita 5 inachukua maji mengi kuliko hizo IBC zenu mbili, mdomo wazi, haishiki kutu, na tayari ina tundu la kutolea maji nyuma.

Angalieni mambo matatu. Mkuku ukae juu ya magunia ya mchanga mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa boti imezoea kushikwa na maji kwa nje. Ukiiweka juu ya magogo mawili inapasuka tumbo. Mbao za ndani zilizooza chini ya faiba toeni zote, zinanuka na kula hewa ya maji. Na rangi ya nje ya kuzuia chaza na majani musiikwangue kabisa.

#7 Kemia_Tu
Mzee yuko sahihi kuhusu rangi. Nyingi za aina ile zina shaba, na shaba ni sumu kali kwa jamii ya kaa na kamba kwa kiwango kidogo mno kuliko kwa samaki. Vumbi lake likiingia ndani ya boti, umeharibu chombo.

#8 Kipepeo_Kilwa
Naona wote mnauza lita. Kaa haishi kwenye lita, anaishi kwenye sakafu. Mkuu MikokoKwetu, hesabu mita za mraba za chini kwanza, lita baadaye.

IBC ina sakafu ya kama mita 1.1 za mraba. Ukiijaza mita moja kwenda juu, kaa wote wako chini wanakatana magando na sentimita 70 za juu hazina mtu. Ikate katikati kwa mlalo upate trei mbili zenye kina cha nusu mita kila moja. Ile ya juu ukiigeuza, mfuniko wake mkubwa unakuwa chini, hapo ndipo unafunga bomba la kutolea maji.

Kwa kaa, bora zaidi ni mapipa ya plastiki ya lita 200. Yapo ya aina mbili: 1H1 yenye vitundu viwili vidogo juu, na 1H2 yenye mfuniko mpana wa kufunga kwa pete. Chukua 1H1, lipasue kwa urefu, unapata hori mbili, kila moja sentimita 58 kwa 88. Ndani gawa vyumba kwa vipande vya plastiki, kila kaa chumba chake. Kaa wawili kwenye chumba kimoja, mmoja akijivua gamba, ni chakula cha mwenzie usiku huohuo.

Yale ya 1H2 weka ya chujio.

#9 Fundi_Bomba
Kipepeo una hoja kwa kaa, lakini mtoa mada kasema na kambakochi. Kambakochi wanapenda kujikusanya, na kwenye hori la sentimita 25 za maji joto linapanda saa nane mchana kabla hujamaliza kula. Maji mengi yana subira.

Kuhusu bei, msilinganishe chombo kwa chombo. Chukua bei, ongeza usafiri, tenki konekta (kiungio cha bomba na tanki), msumeno na fundi, gawa kwa lita zitakazokaa maji kweli. IBC inayouzwa kama lita 1,000 unatumia 800. Simtanki ya kusimama ya lita 2,000 ukiikata kwa usafi unabaki na 1,200, kwa sababu hufiki chini kwa mkono.

#10 Tausi_Moro
Habari zenu. Mimi niko Morogoro, mbali na bahari. Naweza kuchanganya chumvi ya mawe kilo 35 kwa lita 1,000 nikaepuka boza? Pia nina friji la kulala lililokufa, linafaa?

#11 Kemia_Tu
Dada Tausi, uzito uko sawa ila chumvi siyo. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 410 kwa lita na magnesiamu kama 1,280. Kwenye mashamba ya chumvi, kalsiamu inatangulia kuganda kwenye mabirika ya mwanzo, na magnesiamu inabaki kwenye maji machungu yanayomwagwa mwisho. Unachonunua gunia ni sodiamu kloridi karibu tupu. Kaa akijivua gamba humo, gamba jipya linachelewa kukomaa. Kwa siku mbili za mapito kaa koko atavumilia. Kambakochi usijaribu.

#12 Likoni_Mama
Friji la kulala ni zuri kwa sababu ile povu ya ukutani yatunza ubaridi. Lakini bati la ndani ni alumini au chuma kilichopakwa rangi, maji chumvi yalila hadi povu. Litandike laina kama birika, maji yasiguse bati hata tone. Na gesi itolewe na fundi wa mafriji, usikate bomba mwenyewe.

Vilevile kuna makontena ya viwanda vya samaki, yale ya plastiki mbili zenye povu katikati. Yaliyochoka huuzwa. Lipime uzito: likiwa zito kuliko lenzake la aina ileile, maji yameingia kwenye povu kupitia tundu, na yale maji yaliyooza yatarudi ndani siku moja.

#13 MikokoKwetu
Asanteni sana, sasa naelewa. Kabla sijanunua naomba mnifafanulie jambo. Kuna mtu hapa mtaani ana IBC mbili za aina aliyoeleza Fundi. Kaweka kambakochi kilo 15. Maji meupe safi, hewa inapigwa muda wote. Siku ya tatu wakaanza kulala ubavu, wakapapasa miguu, wakafa karibu wote. Vipimo: chumvi gramu 37 kwa kilo ya maji, joto 29, pH 8.2, amonia ya jumla miligramu 2 kwa lita. IBC zilibeba malighafi ya sabuni ya maji. Tatizo ni chombo au ni nini?

#14 Kemia_Tu
Chombo. Malighafi ya sabuni ya maji inashambulia matamvua moja kwa moja. Povu likionekana juu ya maji asubuhi, ndiyo hiyo. Wengi wanasuuza mara tatu na kuona inatosha, lakini uzi wa koki ya chini na mpira wake unaficha sabuni nzito. Koki ifunguliwe yote, iloweshwe, au itupwe na kuzibwa.

#15 Kipepeo_Kilwa
Sikubaliani. Sabuni ingewaua siku ya kwanza, siyo ya tatu. Hiyo ni amonia, taka ya kambakochi wenyewe. Tanki jipya halina bakteria wa kuivunja. Wanahitaji wiki nne hadi sita kukomaa, na kwenye maji chumvi wanachelewa zaidi. Mkuu, kwa pH 8.2 na joto 29, kama asilimia 8 ya amonia ile iko katika hali ya sumu. Hiyo ni 0.16. Maji safi kwa macho hayasemi kitu.

#16 Fundi_Bomba
Pampu ni ya aina gani? Pampu nyingi za kisima zina propela ya shaba. Zinazungusha maji yaleyale siku tatu, shaba inajilimbikiza. Siku tatu inaingia vizuri hapo. Na ile IBC, koki ya mwisho aliunganisha kwa nipeli ya shaba au ya plastiki?

#17 MikokoKwetu
Pampu ni ya kisima, ya zamani, ndani sijui. Nipeli ni ya chuma cha rangi ya fedha.

#18 Fundi_Bomba
Hiyo ya fedha ni chuma kilichopakwa zinki. Nayo ni mbaya. Plastiki tupu, mwanzo hadi mwisho.

#19 Mzee_wa_Tumbatu
Munapima maji, hamumpimi kamba. Walivuliwaje? Waliotolewa pangoni kwa ndoano au mkuki wana tundu ndogo chini ya mkia au ungio la mguu. Damu yao haina rangi nyekundu, huioni. Anatembea siku mbili, ya tatu analala ubavu. Mgeuze umuangalie tumbo kabla ya kumlipa mvuvi. Wa mtego au wavu ndio wa kuweka.

#20 Kipepeo_Kilwa
Mzee hiyo nakubali kwa wachache, lakini siyo karibu wote kwa mpigo.

#21 Ubungo_Site
Na chumvi 37? Maji yanapungua kwa jua na yeye anaongeza maji ya bahari. Yaliyopaa ni maji matamu, chumvi imebaki. Tanki la lita 1,000 lenye chumvi 35 likipungua lita 100, linafika karibu 39. Kuongezea kuwe kwa maji matamu yasiyo na klorini, alama ya usawa ichorwe ukutani.

#22 Kemia_Tu
37 haiui kambakochi, Ubungo. Na Kipepeo, 0.16 inamdhoofisha lakini kambakochi mkubwa mwenye afya hafi kwa hiyo ndani ya siku tatu. Nabaki kwenye sabuni, labda pamoja na shaba ya Fundi. Njia ya kujua: tenga IBC moja, ijaze maji mapya ya bahari bila pampu, jiwe la hewa tu, acha siku tatu. Kisha weka kambamiti wadogo kumi kwa saa 48, na wengine kumi kwenye ndoo mpya yenye maji ya bahari ya mchoto uleule, ambayo hayajaingia kwenye IBC. Wakifa wa IBC tu, ni chombo. Wakipona wote, mfuate Fundi na pampu yake.

#23 Kipepeo_Kilwa
Wakipona wote unifuate mimi pia, maana kambamiti kumi hawatoi amonia ya kilo 15.

#24 Likoni_Mama
Mwabishana na umeme hamjautaja. Umeme ukikatika usiku itakuwaje?

#25 Kemia_Tu
Swali zuri, dada. Maji ya bahari ya nyuzi 28 yanashika oksijeni kama miligramu 6.4 kwa lita, pungufu ya maji matamu yanayoshika 7.8. Lita 1,000 zina gramu 6 na ushei. Kilo 20 za kambakochi, kwa makadirio ya miligramu 100 kwa kilo kwa saa, wanakula gramu 2 kila saa. Ndani ya saa mbili wako hatarini, na waliotoka kushikwashikwa wanakula mara kadhaa zaidi ya hapo. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni lazima.

#26 Kipepeo_Kilwa
Na kama huna betri, watoe majini kabisa. Kivulini, chini ya magunia yaliyolowa maji ya bahari, matamvua yasikauke. Kaa koko anakaa hivyo siku kadhaa, kambakochi ni masaa. Maji yaliyokufa yanamuua mapema kuliko hewa yenye unyevu.

#27 Ubungo_Site
Umeme ukikatika pia maji ya kwenye mabomba yanarudi kwenye pipa la chujio. Pipa la lita 200 lijazwe 140 tu. Na bomba la kurudishia maji juu litobolewe katundu ka milimita 4 chini kidogo ya usawa wa maji ya tanki, livute hewa. Bila hivyo linanyonya tanki zima hadi sakafuni.

#28 Tausi_Moro
Kwa hiyo birika la zege lililopigwa plasta, bila laina, halifai kabisa? Ninalo tayari.

#29 Ubungo_Site
Linafaa likikomaa. Saruji mpya inatoa chokaa, pH inapita 11. Lijaze maji, kaa siku tatu, mwaga, rudia kwa wiki tatu au nne. Katikati sugua kwa siki. Pima hadi maji yakikaa siku mbili pH isipande juu ya 8.5. Ukitaka haraka, paka epoksi ya vijenzi viwili inayoruhusiwa kwa matanki ya maji ya kunywa, uache ikauke siku zote zilizoandikwa kwenye kopo.

#30 MikokoKwetu
Nimeamua nusu kwa nusu: birika la laina kwa kambakochi, hori za mapipa kwa kaa. Maji nachota wapi salama? Na tenki konekta kwenye pipa inavuja kila nikijaribu, hata nikizungusha tepu nyeupe nyingi.

#31 Mzee_wa_Tumbatu
Chota maji yakijaa, siku za bamvua, nusu saa kabla ya kuanza kupwa. Mbali na midomo ya mito na mifereji. Kwa Dar usisogelee Msimbazi kabisa. Baada ya mvua kubwa za masika subiri siku kadhaa, juu panakuwa na maji matamu.

#32 Kipepeo_Kilwa
Na uweke mifuniko ya wavu yenye uzito. Kaa anapanda mpira wa hewa hadi juu, asubuhi unamkuta jikoni. Maji yasifike ukingoni.

#33 Fundi_Bomba
Tepu haisaidii hapo, mkuu. Kwenye tenki konekta kinachozuia maji ni raba, siyo uzi. Raba ikae upande wa ndani, upande wa maji, na ukuta pale uwe bapa. Kwenye pipa chagua kitako, ubavuni pamepinda. Toboa kwa holiso (msumeno wa drili wa kutoboa tundu) ya kipenyo cha uzi wa konekta, siyo kwa msumari wa moto, kisha kwangua mabaki ya plastiki kwenye tundu kwa kisu hadi kidole kisisikie ukali. Kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana. Ukizidisha, raba inatoka pembeni. Silikoni usipake, haishiki kwenye HDPE. Inabanduka yote kama ganda ndani ya wiki.